Ziba Ufa Kabla ya Kujenga Ukuta: Kuzuia na Kutibu Mipasuko ya Vidole Msimu wa Baridi

SOMO LA AFYA KWA WAKAZI WA NYANDARUA

Ni saa kumi na moja alfajiri. Ukungu bado umefunika mashamba ya Kinangop. Mama mmoja anaingia zizini akiwa na ndoo ya maji ya uvuguvugu. Anaosha kiwele, anashika chuchu, na papo hapo anauma meno kwa maumivu. Kwenye ncha ya kidole gumba ana ufa usiozidi urefu wa punje ya mchele. Ukimwuliza atakuambia si kitu, ni baridi tu. Lakini kila anapokamua, ufa ule unafunguka upya. Anamaliza haraka kuliko kawaida, na maziwa mengine yanabaki kiweleni.

Mama huyu ni mfano tu, lakini wengi wetu tunamfahamu. Ni jirani anayechimba viazi Kipipiri, kijana wa bodaboda anayetoka Ol Kalou kabla ya jua kuchomoza, fundi wa kujenga anayechanganya simiti kwa mikono mitupu, na mzazi anayefua nguo za watoto kwa maji baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, na tena katika zile usiku za Januari na Februari ambapo sakitu huunguza viazi shambani, wengi wetu hupasuka ncha za vidole na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Somo hili linahusu kuziba ufa huo ungali mdogo. Ukimaliza kulisoma, utaweza:

• kueleza kwa nini vidole hupasuka wakati wa baridi;
• kuzuia mipasuko kwa vitu vinavyopatikana katika duka la karibu;
• kutibu ufa mdogo nyumbani kwa usahihi;
• kutambua ufa unaohitaji kupelekwa kituo cha afya bila kukawia.

KWA NINI NCHA ZA VIDOLE HUPASUKA

Fikiria ukuta wa matofali. Matofali hushikana kwa sababu ya simiti iliyo katikati. Tabaka la juu la ngozi yetu limejengwa hivyo hivyo. Seli zilizokufa ndizo matofali, na mafuta ya asili yaliyo kati yake ndiyo simiti. Mafuta hayo huzuia maji ya mwilini kutoka na uchafu wa nje kuingia. Yakipungua, maji hutoroka, ngozi hukauka na kuwa ngumu. Ngozi ngumu haikunjiki, hukatika.

Ncha za vidole zina shida tatu zaidi ya sehemu nyingine za mwili.

Kwanza, ngozi ya viganja na ya upande wa ndani wa vidole haina tezi za mafuta. Uso na kichwa hujipaka vyenyewe, ila kiganja hakiwezi. Mafuta yaliyopo yakishaondolewa, hayarudi upesi.

Pili, ngozi ya hapo ni nene, na kwa mtu wa jembe huongezeka unene na kuwa sugu. Ngozi nene iliyokauka hupasuka kwa kina kuliko ngozi nyembamba.

Tatu, ncha za vidole hazipumziki. Kila unapofunga kifungo, unapomenya kiazi au unapobana chuchu, ngozi hiyo hukunjwa na kuvutwa.

Baridi huongeza mzigo. Hewa baridi hubeba unyevu kidogo kuliko hewa ya joto, na upepo huondoa haraka unyevu ulio juu ya ngozi. Vilevile mwili unapohisi baridi hubana mishipa midogo ya damu ya vidole ili kutunza joto la moyo na viungo vya ndani. Vidole hupata damu kidogo, na ngozi yake hupona polepole.

Hata hivyo, baridi peke yake si mkosaji. Mara nyingi kinachomaliza mafuta ya ngozi ni maji na sabuni. Mikono inayoloweshwa na kukauka mara kumi kwa siku hupoteza mafuta kila mara. Maji ya moto huyaondoa haraka zaidi, na sabuni ya unga ya kufulia huyakomba kabisa. Ongeza udongo mkavu unaonyonya unyevu, simiti inayochoma ngozi na magunia yanayokwaruza, na utaona kwa nini ufa hutokea kwa mtu anayefanya kazi kwa bidii.

KWA NINI TUSIDHARAU UFA MDOGO

Ngozi nzima ni mlango uliofungwa. Ufa huuacha wazi, na katika kaunti ya wakulima na wafugaji kama yetu kuna mambo matano yanayoweza kupita mlangoni hapo.

1. Viini vya usaha. Bakteria wakiingia kwenye nyama ya ncha ya kidole husababisha uvimbe wenye maumivu makali ya kupwita, ambao wengi huuita mdudu wa kidole. Nafasi ndani ya ncha ya kidole ni finyu, hivyo usaha ukijaa hubana mishipa ya damu. Ukicheleweshwa, unaweza kuharibu nyama na hata mfupa.

2. Pepopunda. Mbegu za viini vya ugonjwa huu huishi kwenye udongo na samadi. Mama wajawazito hupewa chanjo kliniki, lakini wanaume wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni. Ikiwa imepita miaka 10 tangu chanjo yako ya mwisho, au hukumbuki ulichanjwa lini, uliza katika kituo cha afya.

3. Magonjwa ya mifugo. Viini vya bruselosi, ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi kutupa mimba, huweza kuingia kupitia ngozi iliyokatika unaposhika kondo la nyuma au ndama aliyetupwa. Kimeta nacho huingia kupitia majeraha ya mtu anayechuna au kukatakata mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo. Usimzalishe mnyama kwa mikono mitupu yenye nyufa, na usimchune mnyama aliyekufa ghafla. Mwite daktari wa mifugo.

4. Dawa za kunyunyizia mimea. Dawa ya viazi au ya kabeji hupenya kwa urahisi zaidi kwenye ngozi iliyopasuka. Anayejaza pampu bila glavu, vidole vikiwa na nyufa, anajiwekea sumu mwilini.

5. Ugonjwa wa kiwele. Hapa mlango hupitisha pande zote mbili. Bakteria wanaopenda kukaa kwenye nyufa za mikono ni miongoni mwa wale wanaosababisha ugonjwa wa kiwele kwa ng'ombe. Mkamuaji mwenye nyufa huweza kuwahamisha kutoka kidoleni hadi kwenye chuchu, na kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Maziwa hupungua, mengine humwagwa, na pesa za matibabu hutoka mfukoni mwa mkulima yule yule.

Kuna jambo la sita, ambalo si ugonjwa. Vidole vikavu vilivyopasuka husomwa kwa shida na mashine za alama za vidole. Mtu huweza kurudishwa nyuma ya foleni mara kadhaa kwa sababu ya ncha zilizokwaruzika. Ikiwa unajua utatoa alama za vidole wiki ijayo, anza leo kutunza vidole vyako.

SEHEMU YA KWANZA: KUZUIA

Kinga ina mambo matatu: punguza kinachoondoa mafuta, rudisha mafuta kwa wakati unaofaa, na funika mikono.

Punguza kinachoondoa mafuta

Osha mikono kwa maji baridi kiasi au ya uvuguvugu, si ya moto. Ukiona yanakupendeza kwa sababu yanachoma kidogo, ni ya moto mno. Tumia sabuni ya kuogea isiyo kali. Sabuni ya unga na dawa za kung'arisha nguo zisitumike kuosha mikono hata kama zinaondoa grisi upesi. Mikono ikiwa na grisi au utomvu, paka kwanza mafuta kidogo ya kupikia, sugua, pangusa kwa kitambaa, kisha osha kwa sabuni ya kawaida.

Usiache kunawa mikono kwa kuogopa nyufa. Kunawa kunazuia kuhara na magonjwa mengine. Tunachobadilisha ni namna ya kunawa na kile tunachofanya baada ya kunawa. Suuza sabuni yote, hasa kati ya vidole na chini ya pete. Kausha kwa kugusagusa na taulo, usisugue.

Rudisha mafuta kwa wakati unaofaa

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunapaka mafuta ngozi ikiwa imeshakauka kabisa. Mafuta ya mgando, yale ambayo wengi tunayaita vaselini, hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kufungia maji yaliyopo. Kwa hiyo yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, katika dakika tatu hivi baada ya kukausha mikono. Ukipaka juu ya ngozi kavu kama karatasi, hakuna maji ya kufungia.

Si lazima ununue mafuta ya bei ghali. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato hufanya kazi vizuri, na hayawashi ngozi iliyokwaruzika kama yafanyavyo baadhi ya losheni zenye harufu. Losheni nyepesi huwa na maji mengi na hukauka upesi. Itumie mchana ukitaka, lakini usiku tumia mafuta mazito.

Paka angalau mara hizi:

• asubuhi kabla ya kutoka nje;
• kila baada ya kunawa au kufua;
• baada ya kazi ya shamba, ukishaondoa udongo;
• usiku kabla ya kulala, kwa wingi.

Nyakati mbili ambazo hazipaswi kukosa ni kabla ya kutoka na kabla ya kulala. Weka mkebe mdogo mfukoni na mwingine kando ya kitanda. Mafuta yaliyo kabatini husahaulika.

Unapopaka, usiishie kwenye mgongo wa mkono. Sugua kila ncha ya kidole, pembeni mwa ukucha na chini ya kona za ukucha. Hapo ndipo nyufa huanzia.

Funika mikono

Kwa baridi kavu, vaa glavu za sufu au kitambaa kizito. Kwa kazi ya maji, vaa glavu za mpira. Mikono ikikaa ndani ya mpira muda mrefu hutoa jasho, na jasho hulainisha ngozi kupita kiasi. Kwa hiyo vaa glavu nyembamba za pamba ndani ya zile za mpira, na uzivue zikilowa. Glavu iliyolowa ndani ni mbaya kuliko kukosa glavu. Anayeosha karoti au viazi siku nzima awe na jozi mbili, moja ikiwa mkononi na nyingine ikikauka.

Kwa kazi ya kunyunyizia dawa, glavu za sufu au za pamba hazifai, kwa sababu hunyonya dawa na kuishikilia kwenye ngozi. Vaa zile za mpira zinazostahimili kemikali na zinazofika juu ya kifundo cha mkono, kama ilivyoelezwa kwenye kibandiko cha dawa. Zioshe kabla ya kuzivua.

Kwa waendesha bodaboda, upepo wa mwendo ni mkali kuliko baridi ya kusimama. Fungeni vifuniko vya kuzuia upepo kwenye mishikio ya usukani, na mvae glavu zinazoacha vidole vikiweza kufikia breki bila shida.

Kumbuka pia kwamba mwili uliopoa huondoa damu vidoleni. Kofia, sweta na soksi nzito husaidia vidole kupata joto. Sigara hufanya kinyume, kwa kuwa hubana mishipa midogo ya damu na kuchelewesha kupona.

Kwa wakamuaji

Mkamuaji hawezi kukwepa maji. Fanya hivi: osha mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikaushe kwa kitambaa safi, kamua, osha tena, kisha paka mafuta mikono ikiwa na unyevunyevu. Usilainishe vidole kwa kuvichovya ndani ya maziwa, kwani maziwa hukausha ngozi na kulisha bakteria. Ukiwa na ufa, ufunike na uvae glavu nyembamba za mpira zilizo safi. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele akamuliwe wa mwisho.

SEHEMU YA PILI: KUTIBU UFA NYUMBANI

Ikiwa ufa ni mdogo, hauna usaha na haujavimba, fuata hatua hizi jioni, kazi zikiwa zimeisha.

Hatua ya 1: Safisha. Osha kidole kwa maji safi ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Ondoa udongo wote ulioingia ndani ya ufa. Usitumie sindano wala mwiba. Acha maji yatiririke juu yake hadi utoke.

Hatua ya 2: Loweka. Weka vidole kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hivi. Ngozi ngumu hunywa maji na kulainika.

Hatua ya 3: Punguza ngozi ngumu. Kingo za ufa zikiwa zimesimama na kuwa ngumu, zitaendelea kuuvuta ufa ufunguke. Zisugue taratibu kwa tupa ya kucha, ukingoni tu. Usikate kwa wembe. Ukihisi maumivu, acha.

Hatua ya 4: Jaza mafuta. Kausha kwa kugusagusa, kisha weka mafuta mazito ya mgando hadi yajaze ufa. Yataukinga na hewa na kuzuia kingo zisikauke. Jeraha lenye unyevu wa kiasi hupona vizuri kuliko lililokauka na kuwa gamba.

Hatua ya 5: Funika. Chukua plasta ya kitambaa. Weka kipande kimoja kupita juu ya ncha, kutoka upande wa ndani wa kidole hadi kwenye ukucha, kama kofia. Zungusha kipande cha pili kukishikilia cha kwanza. Vuta kidogo ili kingo za ufa zikaribiane, lakini usikaze. Ncha ikigeuka ya bluu, ikipoa au ikifa ganzi, legeza. Huna plasta? Kipande cha kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kuanikwa juani kitafaa kwa usiku mmoja.

Hatua ya 6: Lala na glavu. Kwa vidole vingine ambavyo havijapasuka lakini vimekauka, paka mafuta kwa wingi na uvae glavu za pamba au soksi safi mikononi hadi asubuhi. Wengi huona tofauti baada ya usiku mbili au tatu.

Badilisha plasta kila siku, au mara moja ikilowa au kuchafuka. Kwa kawaida maumivu hupungua katika siku chache za mwanzo, na ufa mdogo hufunga katika wiki moja au mbili. Usiache mafuta siku ufa unapofunga. Ngozi mpya ni changa, na ukirudi kwenye maji na sabuni bila kinga itapasuka pale pale.

Kwa mtu mzima mwenye ngozi sugu sana, mfamasia anaweza kupendekeza krimu yenye urea ya asilimia 10 hadi 20. Urea huvuta maji na kulainisha ngozi nene. Huchoma ikiwekwa ndani ya ufa ulio wazi, kwa hiyo ipake pembeni, na ndani ya ufa weka mafuta ya mgando. Usimpake mtoto bila ushauri wa mhudumu wa afya.

MAMBO YA KUEPUKA

Baadhi ya tiba zinazopendekezwa vijijini huongeza ufa badala ya kuuziba.

• Mafuta ya taa. Huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuichoma. Pia ni hatari karibu na moto.
• Ndimu, chumvi kali na dawa ya meno. Huwasha na kukausha. Kuchoma si dalili ya kupona.
• Nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Huunguza, na hufungia uchafu ndani.
• Gundi kali ya kubandika viatu na vyombo. Haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi iliyo wazi. Hutoa joto inapokauka, huwasha, na hufungia viini ndani. Ipo gundi maalumu ya kitabibu kwa kazi hiyo, lakini hutumiwa kwa ushauri wa mhudumu wa afya.
• Krimu kali za kununua bila ushauri, hasa zenye steroidi. Zikitumiwa ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba, na nyufa huongezeka.
• Kuota mikono juu ya makaa. Joto kali hukausha ngozi, na vidole vilivyokufa ganzi huungua kabla hujahisi. Pasha mikono joto kwapani au ndani ya nguo. Na kamwe usiingize jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa, kwani hewa yake ya sumu huua.

LINI UENDE KITUO CHA AFYA

Nenda siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya:

• kidole kimevimba, kina joto na kinapwita hadi kukunyima usingizi;
• usaha unatoka au unaonekana chini ya ngozi;
• mstari mwekundu au mweusi kuliko ngozi unapanda kuelekea kifundo cha mkono, au una homa;
• taya linakaza au misuli inakakamaa;
• umeshika kondo, mimba iliyotupwa au mzoga kwa mikono yenye nyufa, kisha ukapata homa, maumivu ya viungo au kidonda kinachogeuka cheusi;
• umemwagikiwa dawa ya mimea na unahisi kizunguzungu, kichefuchefu au kutokwa na mate mengi. Osha kwa maji mengi na sabuni, na ubebe kibandiko cha dawa hiyo.

Panga kwenda ndani ya siku chache ikiwa ufa haujaanza kupona baada ya wiki mbili za kutunzwa vizuri, ikiwa nyufa hurudi hata msimu wa joto, au ikiwa ngozi ina vipele, magamba au mwasho. Inaweza kuwa ukurutu, soriasisi au fangasi, na kila moja ina dawa yake. Ikiwa vidole hugeuka vyeupe, kisha vya bluu, kisha vyekundu kila unapopata baridi, mweleze mhudumu. Hilo ni tatizo la mishipa ya damu. Mwenye kisukari asisubiri wiki mbili, maana vidonda vyake hupona polepole.

Anzia kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au zahanati iliyo karibu. Penye haja, utapewa rufaa hadi hospitali kubwa.

MASWALI NA MAJIBU

Je, nikinywa maji mengi nyufa zitaisha?
Kunywa maji ya kutosha ni vizuri kwa mwili wote, na wakati wa baridi wengi husahau. Lakini maji ya kunywa hayazibi ufa wa ncha ya kidole. Ngozi hiyo hupoteza maji kutoka nje, na kinga yake iko nje.

Mafuta ya ng'ombe, yale ya kupaka chuchu, yanafaa kwa mikono?
Mengi yana mafuta ya mgando ndani yake na hulainisha ngozi. Soma kibandiko. Yakiwa na dawa ya kuua viini au manukato yanaweza kukuwasha. Na usichovye vidole vyako kwenye mkebe unaotumia kwa ng'ombe. Tenga wa kwako.

Mimi hupasuka kidole gumba na viwili vinavyofuata vya mkono mmoja tu. Kwa nini?
Angalia unashika nini kwa mkono huo. Wanaomenya vitunguu saumu kwa wingi hupasuka vidole vya mkono unaoshika kitunguu, kwa kuwa utomvu wake huwasha ngozi. Mafundi wa simiti nao huweza kupata mzio unaodumu miaka. Ukigundua chanzo, vaa glavu au ubadilishe mkono, kisha uone.

Mtoto wangu analia akishika penseli. Nifanye nini?
Mpake mafuta ya mgando asubuhi kabla ya kwenda shule na jioni baada ya kuoga, na umfunike ufa kwa plasta. Mfundishe kukausha mikono baada ya kunawa, kwani watoto wengi huipangusa kwenye sweta na kutoka nje ikiwa imelowa. Mwalimu akiambiwa, ataelewa kwa nini mwandiko umeharibika wiki hii.

ZOEZI LA WIKI HII

Leo jioni, keti mahali penye mwanga na ukague vidole vyako kumi. Bonyeza kila ncha kwa wepesi. Hesabu zilizo laini, zilizokauka na zilizopasuka, kisha uandike hesabu hiyo kwenye kalenda. Paka mafuta asubuhi, baada ya kila kunawa na kabla ya kulala, kwa siku saba. Jumapili hesabu tena. Fanyeni zoezi hili mkiwa familia nzima, na msimsahau mzee wa nyumbani, kwa maana ngozi hukauka zaidi kadiri umri unavyoongezeka. Katika kikundi cha akina mama, ushirika wa maziwa au kituo cha bodaboda, mnaweza kuchanga na kununua mkebe mkubwa mmoja na kugawana.

Turudi kwa yule mama wa Kinangop. Hakuhitaji dawa ya ajabu. Alihitaji kujua kwamba mafuta hupakwa mkono ukiwa na unyevunyevu, kwamba ufa hufunikwa, na kwamba kidole kinachopwita usiku hakingoji asubuhi ya kesho kutwa. Akiyajua hayo, atakamua hadi tone la mwisho bila kuuma meno, na ng'ombe wake watakuwa salama zaidi.